Bia, soda na maji uwanjani: Ujerumani, Uingereza, Marekani au Qatar?

Anayepanga safari ya kwenda kutazama mechi ughaibuni hukaa na kalamu akahesabu nauli ya ndege, tiketi ya mchezo na gharama ya kulala. Kinywaji hakimo kwenye hesabu hiyo. Anakikumbuka akiwa kaunta, watoto wamemshika koti, na mhudumu ameshamtajia bei. Kabla hajamaliza kuguna anagundua jambo la pili: bia anayouziwa hapo haruhusiwi kwenda nayo hadi kwenye kiti chake.

Bei na kanuni za vinywaji hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, hata kati ya mchezo na mchezo ndani ya mji mmoja. Ulinganisho huu nimeuandika nikimfikiria Mswahili aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayejichanga kwa safari moja kubwa, pamoja na yule anayeishi Hamburg, London, Minneapolis au Doha ambaye kila wikiendi ana mechi ya kwenda. Nimewafikiria pia wengi wetu wasiogusa kileo kabisa. Kwao bei ya bia haina maana. Wanataka kujua maji ni kiasi gani, na kama jukwaa ni mahali pa kumpeleka mama mzazi na watoto.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua. Bei ya bia ndiyo inayopigiwa kelele, lakini kanuni ndizo zinazoamua siku yako itakuwaje. Na ukitaka kujua kama uwanja unamheshimu mtazamaji wake, tazama unavyomuuzia maji.

Bundesliga: unanunua, unakwenda nayo

Kwa mpenda bia, ligi ya Ujerumani haina mpinzani. Nusu lita katika viwanja vyake vingi huuzwa kati ya euro 4.50 na 5.50, bei isiyo mbali na ya baa ya kawaida mjini. Unanunua, unapanda nayo ngazi, unakunywa huku mpira unachezwa. Hakuna anayekufukuzia. Kwenye uwanja wa Dortmund, jukwaa la kusini peke yake hubeba watu karibu 25,000 waliosimama, na bia inapita katikati ya umati huo mchana kutwa. Uwanja wa Schalke kule Gelsenkirchen, uliofunguliwa 2001, ulijengwa kabisa na mtandao wa mabomba ya bia wenye urefu wa kilomita 5 ili kaunta zisikaukiwe. Unapojenga uwanja ukatandika mabomba ya bia kama ya maji, umeshasema bia ni nini kwako.

Jambo linalomshtua mgeni ni amana ya kikombe. Bei iliyoandikwa ubaoni ni ya kinywaji; kikombe cha plastiki ngumu kinalipiwa juu yake, kwa kawaida euro 1 au 2, na fedha hiyo unarudishiwa ukikirejesha. Familia ya watu wanne isiyojua utaratibu huu inaweza kuacha euro 8 chini ya viti ikaondoka. Kwenye uwanja wa St. Pauli, Hamburg, utakuta mapipa ya kuchangia vikombe: ukitupia chako humo, amana yako inaenda kwa Viva con Agua, shirika lililoanzishwa na Benjamin Adrion aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo. Fedha hizo huingia kwenye miradi ya maji safi, na Uganda ni miongoni mwa nchi zinazofaidika. Nikiwa pale nisingekirudisha kikombe kaunta.

Mzazi ajue mambo mawili. Sheria ya Ujerumani inamruhusu kijana wa miaka 16 kununua bia na mvinyo, kwa hiyo usishangae kuona vijana wadogo wenye vikombe mkononi. Pia, kwenye mechi zinazohesabiwa kuwa za hatari, hasa za mahasimu wa mkoa mmoja, klabu na polisi wanaweza kukubaliana iuzwe bia nyepesi au isiyo na kileo tu. Klabu hutangaza mapema, na mashabiki huamua kama watakunywa njiani kabla ya kufika.

Usiku wa Ligi ya Mabingwa zamani ulikuwa mkavu hata Ujerumani, kwa sababu UEFA ilikataza kuuza kileo uwanjani katika mashindano yake. Katazo hilo liliondolewa 2018, na sasa sheria ya nchi mwenyeji ndiyo inayofuatwa.

Kasoro ninayoiona Ujerumani ni kwa wasiokunywa. Mara nyingi soda na maji hayapishani sana na bia kwa bei, na ukiingiza amana, chupa ndogo ya maji inakuwa ghali kuliko inavyostahili. Uwanja unaomfurahisha mnywaji kiasi hicho ungeweza kumjali kidogo na mwenzake.

Uingereza: mji mmoja, sheria mbili

Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soka la England linaongozwa na sheria ya 1985 ya kudhibiti kileo katika michezo, iliyotungwa wakati fujo za mashabiki zikiwa zimefika kilele. Sheria hiyo inamkataza mtu kuwa na kileo mahali popote ndani ya uwanja ambapo anaweza kuuona mchezo moja kwa moja, kuanzia saa 2 kabla ya mechi hadi saa 1 baada yake. Inahusu ligi kuu na madaraja ya chini yake hadi la tano. Kuingia uwanjani ukiwa umelewa ni kosa. Hata basi au treni iliyokodiwa maalumu kupeleka mashabiki kwenye mechi haitakiwi kubeba kileo.

Kwa hiyo bia inauzwa, lakini chini, kwenye korido iliyo nyuma ya jukwaa. Ukikanyaga ngazi ya kupanda kwenye viti ukiwa na kikombe, mlinzi anakusimamisha: maliza au mwaga. Mapumziko ni dakika 15. Maelfu ya watu wanashuka kwa pamoja, wanapanga foleni, wanapata painti yao, kikombe cha mililita 568, ikiwa imebaki dakika 4, kisha wanaimiminia kooni kama dawa. Sheria iliyokusudiwa kupunguza ulevi inawafundisha watu kunywa kwa pupa. Tracey Crouch, mbunge wa wakati huo aliyeongoza mapitio ya uendeshaji wa soka yaliyotolewa Novemba 2021, aliliona hilo na akapendekeza ifanywe majaribio ya kuruhusu bia vitini katika madaraja ya chini. Sheria haikubadilishwa. Hata wenye vyumba vya kifahari hawajaachwa: kuanzia dakika 15 kabla ya mchezo hadi dakika 15 baada yake, hawaruhusiwi kuwa na kileo chumbani kama dirisha linaangalia uwanja wakati mchezo unaendelea. Ndiyo maana katika viwanja vya huko utasikia habari za mapazia.

Klabu zimejibu tatizo la muda kwa mashine. Uwanja mpya wa Tottenham, uliofunguliwa Aprili 2019 na unaobeba watu 62,850, una vifaa vinavyojaza kikombe kupitia tundu la chini, painti kwa sekunde chache bila mhudumu kushika bomba, na ndani yake kuna kiwanda kidogo cha bia. Uwanja huo haupokei fedha taslimu tangu siku ya kwanza; beba kadi. Bei ya painti London ni pauni 6 au 7, na viti vya gharama huambatana na bei za gharama. Klabu za madaraja ya chini nje ya London ni nafuu zaidi, na binafsi naona huko ndiko mgeni anakoonja soka la Waingereza lenyewe.

Scotland ni kali zaidi. Tarehe 10 Mei 1980, baada ya Celtic kuifunga Rangers bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Scotland pale Hampden Park, mashabiki wa pande zote waliingia uwanjani wakapigana, chupa na makopo vikiruka. Mwaka huohuo kileo kikapigwa marufuku viwanjani. Mpaka leo shabiki wa kawaida wa soka huko hauziwi bia. Walio kwenye kumbi za wageni waalikwa wanapata.

Sasa vuka barabara uende kwenye mchezo mwingine. Sheria ya 1985 haigusi raga, kriketi wala tenisi. Twickenham kwenye raga utaona mtu mmoja amebeba painti nne kwenye kishikio cha karatasi akiwapelekea wenzake vitini, dakika yoyote ya mchezo. Lord's, uwanja mkongwe wa kriketi, unaruhusu kila mtazamaji kuingia na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 au makopo mawili ya bia. Wimbledon nao wanaruhusu kiasi kama hicho kwa mtu mmoja, pamoja na chakula chako cha nyumbani, mradi hukuja na pombe kali wala sanduku gumu la kupozea. Hebu fikiria: mji uleule, siku ileile, mtu yuleyule. Kwenye soka anaonekana hatari akiwa na kikombe cha plastiki. Kwenye kriketi anaaminiwa na chupa ya kioo.

Nadhani hapa pana dhuluma ya kitabaka ya wazi, na Waingereza wenyewe wamekuwa wakiisema kwa miaka. Soka la wanawake nalo halimo kwenye sheria hiyo, na mwanzoni mwa 2025 klabu 4 za daraja la pili la wanawake, Bristol City, Birmingham City, Newcastle na Southampton, ziliruhusiwa kujaribu kuwauzia mashabiki bia wanayoweza kukaa nayo vitini.

Kuna haki moja ambayo wageni wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoipandisha England machoni pangu. Tangu 2010, leseni ya kuuza kileo England na Wales inamtaka muuzaji ampe mteja maji ya bomba bure akiyaomba, pale ambapo maji yanapatikana. Kaunta za viwanjani zina leseni hiyo. Usinunue chupa kwa pauni kadhaa kabla hujauliza. Na ukinunua chupa, usikasirike mhudumu akibaki na kizibo: chupa iliyofungwa ikijaa maji inaweza kurushwa ikamuumiza mtu, iliyo wazi humwagika njiani.

Marekani: ghali, isipokuwa pale walipoamua vinginevyo

Ukiingia uwanja wa kawaida wa Marekani, jiandae kulipa dola 10 hadi 15 kwa bia moja. Juu yake weka kodi, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei iliyoandikwa, kisha kioo cha kulipia kinakuuliza utaacha bakshishi ya asilimia ngapi. Mgeni anaona bango la dola 12 na kuondoka amelipa 15. Kwenye mashindano ya tenisi ya US Open mjini New York, kinywaji maarufu cha vodka kinachopambwa kwa vipande vya tikiti vilivyokatwa mviringo kama mipira kiliuzwa dola 23 mwaka 2024, na foleni haikupungua.

Umri ni miaka 21, na huko hawatanii. Hata mwenye mvi huombwa kitambulisho. Beba pasipoti yenyewe, kwa sababu leseni ya udereva ya Tanzania au Kenya inaweza kukataliwa. Kwa kawaida mtu mmoja huuziwa vinywaji viwili kwa zamu moja, kisha arudi foleni.

Jambo kubwa la Marekani ni saa ya kufunga. Kwenye NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, mauzo ya kileo husimama mwisho wa robo ya tatu. Kwenye besiboli, desturi ni kufunga awamu ya saba kati ya tisa. Desturi hizi zina historia. Tarehe 4 Juni 1974, klabu ya besiboli ya Cleveland iliuza bia kwa senti 10 badala ya senti 65 za kawaida, ikavuta watu zaidi ya 25,000. Waliruhusiwa kununua hadi bia 6 kwa mkupuo, na hakuna aliyehesabu wamerudi mara ngapi. Mchezo ulipofika awamu ya tisa ukiwa sare ya 5-5, umati ulivamia uwanja, wachezaji wa Texas Rangers wakalazimika kujihami, na mwamuzi akawapa Rangers ushindi. Cha rahisi kiliwagharimu mchezo. Lakini ukilitazama tukio lile kwa makini, senti 10 hazikuwa tatizo peke yake. Tatizo kubwa lilikuwa bei ile kukutana na kaunta isiyo na mipaka.

Mwaka 2023 besiboli ilianza kutumia saa ya kumbana mrushaji wa mpira, na wastani wa mchezo ukapungua kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Muda wa kuuza bia ukapungua nao. Klabu za Milwaukee, Arizona, Texas na Minnesota zikasogeza mwisho wa mauzo hadi awamu ya nane. Matt Strahm, wakati huo mrushaji wa Philadelphia, alilipinga hilo hadharani: ikiwa mchezo umefupishwa, alisema, basi mauzo yasimame mapema zaidi ili watu wapate muda wa kutulia kabla ya kushika usukani. Nakubaliana naye kabisa. Viwanja vingi vya Marekani havifikiki kwa miguu, na foleni ya magari baada ya mchezo ni ya watu walewale waliokuwa kaunta.

Sasa Atlanta. Uwanja wa Mercedes-Benz ulipofunguliwa 2017, mmiliki wake Arthur Blank, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, aliamua bei za vyakula na vinywaji ziwe kama za mtaani. Soda dola 2 na unajijazia tena bure kadiri unavyotaka. Maji dola 2. Bia ya wakia 12, yaani mililita 355, dola 5. Kodi imo ndani ya bei, kwa hiyo hakuna chenji ya sarafu wala mshangao. Wengi walidhani atakula hasara. Mwaka wa kwanza, bei zikiwa nusu ya zile za uwanja wa zamani, matumizi ya kila mtazamaji yaliongezeka kwa asilimia 16. Watu waliacha kula nje kwanza. Walikuja mapema, wakanunua mara mbili, wakawanunulia na watoto. Mwaka 2019 uwanja uliacha fedha taslimu, ukaweka mashine za kugeuza noti kuwa kadi kwa wasio na akaunti ya benki, na baadhi ya bei zikashushwa tena.

Augusta, kwenye gofu ya Masters, wana utamaduni kama huo kwa njia yao: mwaka 2024 bia ilikuwa dola 6, soda na maji dola 2, mkate wa jibini dola 1.50. Shida ni kuingia. Tiketi za kawaida hutolewa kwa bahati nasibu.

Wamarekani wana njia nyingine ya kukwepa bei: hufika saa nyingi kabla, wanafungua buti la gari kwenye maegesho, wanachoma nyama na kunywa walichonunua dukani. Ukialikwa, nenda. Na viwanja vingi vya besiboli vinakuruhusu kuingia na chupa ya plastiki ya maji ambayo haijafunguliwa. Angalia ukubwa unaoruhusiwa kwenye tovuti ya klabu.

Qatar: siku mbili kabla ya filimbi

Tarehe 18 Novemba 2022, siku mbili kabla ya Qatar na Ecuador kufungua Kombe la Dunia, FIFA ilitangaza kwamba bia yenye kileo haitauzwa kwenye maeneo ya viwanja. Mpango wa awali wenyewe haukuwa wa kuiuza jukwaani. Ilikuwa iuzwe nje, ndani ya uzio wa uwanja, kabla na baada ya mechi. Budweiser, mdhamini wa miaka mingi, alibaki na bia isiyo na kileo tu kwenye kaunta za watazamaji wa kawaida. Kwenye kumbi za wageni wa gharama kubwa, kileo kiliendelea kumiminwa.

Aliyetaka bia alikwenda kwenye eneo la mashabiki katika bustani ya Al Bidda mjini Doha, ambako iliuzwa kuanzia saa 1 usiku hadi saa 7 usiku, riyali 50 kwa nusu lita, kiasi cha dola 14, na mtu hakuruhusiwa kupita vikombe 4. Ile isiyo na kileo ilikuwa riyali 30. Maji riyali 10.

Kubadili kanuni siku mbili kabla, watu wakiwa wameshalipia safari, lilikuwa kosa kwa mteja, na hilo nalisema bila kigugumizi. Kanuni yenyewe ni jambo jingine. Polisi wa Uingereza walitangaza kwamba hakuna shabiki wa England wala Wales aliyekamatwa huko, jambo lisilo la kawaida kwao kwenye mashindano makubwa, na wanawake wengi waliokwenda walieleza kwamba walitembea na kukaa jukwaani bila bughudha waliyoizoea kwao. Kwa Waswahili walioko Doha, Muscat au Dubai ambao wikiendi wanatoka na familia, hili lina uzito kuliko bei ya painti yoyote. Ninachokilaumu Qatar ni riyali 10 za maji. Nchi ya jangwa inayoamua kwamba kinywaji cha wote kiwe kisicho na kileo ingekuwa na heshima kamili kama ingeweka maji ya bure kila mlango.

Ufaransa na Hispania kwa ufupi

Ufaransa, kwa sheria ya Januari 1991 inayoitwa kwa jina la waziri Claude Évin, haiuzi kileo kwenye viwanja vya michezo isipokuwa kwa vibali maalumu. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 watazamaji wa kawaida walikunywa bia zisizo na kileo, wageni wa kumbi za gharama wakapata divai. Hispania vivyo hivyo: bia unayouziwa jukwaani haina kileo. Watu wengi hununua, wanapiga funda, ndipo wanapogundua. Nchi hizi mbili zinamfaa mzazi. Mpenda bia anywe mjini kabla ya mchezo.

Tuweke lita mezani

Bei zikitajwa kwa kikombe hudanganya, maana vikombe havilingani. Ujerumani kikombe ni mililita 500, painti ya Uingereza ni 568, na bia ya Atlanta ni 355. Ukigeuza kuwa lita, bia ya Ujerumani ya euro 5 inakuwa euro 10. Ya Atlanta inakuwa dola 14. Painti ya London ya pauni 7 inakuwa pauni 12 na zaidi, na pauni ndiyo sarafu nzito kuliko zote hapo. Al Bidda mwaka 2022 ilikuwa riyali 100, yaani dola 27 na ushee.

Kwa hiyo Atlanta, inayosifiwa duniani kote, haijaifikia Ujerumani kwa bei ya bia. Inaishinda kwa vinywaji vya wengine. Watu wanne wakichukua soda Atlanta ni dola 8 na wanajijazia hadi mwisho. Ujerumani hesabu hiyo hupita euro 15 kabla ya amana. Doha, maji kwa wanne yalikuwa riyali 40, karibu dola 11. England wanaweza kutoka bila kulipa kitu, wakivumilia foleni na kikombe cha karatasi.

Nasi zamu yetu inakuja. Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa AFCON 2027 mwezi Septemba 2023, na kwenye CHAN ya Agosti 2025 tumeshaonja kuandaa pamoja. Suala la bia kila nchi italiamua kwa sheria zake na desturi za watu wake. La maji haliwezi kuachiwa mchuuzi na mwenye kibanda wapatane. Mechi za alasiri Dar es Salaam ni joto na unyevu; mtu aliyenyang'anywa chupa yake getini ana haki ya kupata nyingine ndani kwa bei iliyotangazwa. Bei ya Atlanta inaweza kunakiliwa kesho asubuhi, haihitaji teknolojia yoyote.

Nani aende wapi

Unapenda bia na unataka kuinywa taratibu huku unatazama soka: Ujerumani, bila kusita, na uchague klabu yenye jukwaa la kusimama. Weka sarafu za amana mfukoni na uulize mapema kama mechi yako ni ya mahasimu.

Unapenda bia lakini moyo wako uko kwenye ligi ya England: nenda, ukijua utakunywa baa kabla ya mechi na kwamba mapumziko hayatoshi. Ukikosa tiketi ya soka, siku moja Lord's na kikapu chako cha chakula inaweza kukugharimu kidogo kuliko vikombe vitatu vya Tottenham na usafiri wake.

Uko Marekani na una watoto: Atlanta. Hakuna uwanja mkubwa ninaoujua ambako baba anaweza kumwambia mtoto "chukua nyingine" bila kugeuza uso. Kama uko mbali na Georgia, chagua besiboli, ingia na maji yako, na wakati wa kuondoka, anayeendesha gari awe mtu ambaye hakunywa.

Hunywi kileo na hutaki kukaa kando ya waliolewa: Qatar, Ufaransa au Hispania, na kati ya hizo ningeanza na Hispania, kwa sababu soka lake ni la kiwango cha juu kila wiki na jukwaa lake halina kileo tangu mwanzo hadi mwisho. Scotland pia ingefaa kwa kanuni, ila usichague mechi ya Celtic na Rangers kwa mara yako ya kwanza; huko wengi hufika wakiwa wameshakunywa mjini, na getini hakuna mashine ya kupima hasira.